Kichanga Anasikia Kisu

"Mtahirini mapema, angali mchanga, hasikii maumivu." Kauli hii husemwa na bibi anayeandaa akika, husemwa na baba mwenye haraka ya kumaliza shughuli, na kibaya zaidi husemwa na baadhi ya wahudumu wa afya. Si kweli. Kwa sababu yake kuna vichanga wanaokatwa bila ganzi, huku watu wazima waliowazunguka wakiambiana kwamba mtoto analia kwa sababu ameshikwa tu.

Sipingi tohara. Sababu za kuifanya utotoni nazijua na naziheshimu. Kwa familia za Kiislamu, siku ya saba ni sunna. Wayahudi hutahiri siku ya nane. Kwa upande wa tiba, govi la kichanga ni jembamba, damu hutoka kidogo, mara nyingi hakuna haja ya kushona, na kidonda hupona upesi. Maambukizi ya njia ya mkojo hupungua katika mwaka wa kwanza. Halafu kuna VVU: majaribio yaliyofanywa kwa wanaume wazima Orange Farm huko Afrika Kusini, Kisumu na Rakai yalionyesha kwamba tohara hupunguza kwa takriban asilimia 60 uwezekano wa mwanamume kuambukizwa na mwanamke, na mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza kwa nchi zenye maambukizi mengi. Hizo ni sababu za kutahiri. Hakuna hata moja inayosema kwamba mtoto haumii.

Wala tusiwalaumu mabibi peke yao. Madaktari wa Ulaya na Marekani waliishi na imani hiyo hiyo hadi miaka ya 1980. Walisema neva za mtoto mchanga hazijakomaa, kwamba kilio chake ni mshtuko wa mwili tu usio na maumivu ndani yake. Watoto njiti walipasuliwa kifua wakiwa wamepewa dawa ya kulegeza misuli na gesi hafifu, basi. Mwaka 1987, Kanwaljeet Anand na wenzake wa Oxford walichapisha matokeo ya kuwalinganisha njiti hao na wengine walioongezewa dawa kali ya maumivu. Waliopata dawa, miili yao haikutaabika kiasi kile wakati wa upasuaji, na matatizo baada yake yakawa machache. Tangu hapo hoja ya neva changa haina pa kusimama.

Ukimwonyesha mtu haya, hukimbilia kauli ya pili: "Hata kama anasikia, hatakumbuka." Mwaka 1997 watafiti wa Toronto waliwafuatilia wavulana 87 walipopelekwa kuchanjwa wakiwa na miezi minne au sita. Waliotahiriwa uchangani bila ganzi walionyesha maumivu makali zaidi ya chanjo kuliko wasiotahiriwa. Waliopakwa krimu ya ganzi walikuwa katikati. Kichwa hakina kumbukumbu ya siku ile, lakini mwili umeshajifunza kuogopa sindano. Na hata kama usingejifunza lolote, tangu lini kusahau kukahalalisha kuumizwa? Mgonjwa mwenye homa kali iliyompotezea fahamu naye hatakumbuka, na hakuna anayethubutu kumpasua bila dawa.

Wapo pia wanaoleta jando: wazee wetu walikatwa bila ganzi na wakavumilia. Ndiyo, walivumilia, na walijua wanavumilia nini. Kijana alipelekwa kumbini na wenzake, akaimbiwa, akafundishwa utu uzima, na kujikaza mbele ya ngariba kulikuwa ushahidi mbele ya ukoo kwamba amekua. Malezi hayo unaweza kuyakubali au kuyakataa, lakini maumivu yale yalikuwa na kazi. Kichanga wa siku saba anathibitisha ushujaa gani, na kwa nani? Tumeondoa mafunzo, tumeondoa nyimbo, tumeondoa ridhaa, tukabakiza kisu, kisha tunakiita mila.

Ganzi yenyewe si anasa. Ya sindano hupimwa kwa uzito wa mtoto, huchomwa kwenye shina la uume, na husubiriwa dakika chache ishike. Ya krimu hupakwa takriban saa nzima kabla. Maji ya sukari mdomoni humtuliza mtoto, lakini peke yake hayatoshi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2010 kuhusu tohara ya watoto wachanga umeitaja ganzi kwenye kichwa chake cha habari. Kwa hiyo anayekata bila ganzi, au anayechoma sindano na kukata papo hapo kwa sababu foleni ni ndefu, hafuati tiba wala dini. Kinga dhidi ya VVU itamfaa mtoto huyu akiwa mtu mzima. Inaweza kungoja dakika tano.

Mzazi, kabla hujamkabidhi mwanao, uliza: mtampa ganzi gani, kiasi gani kwa uzito wake, na mtasubiri muda gani? Ukijibiwa kwamba wachanga hawahitaji, mbebe mwanao urudi naye nyumbani. Kwa madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na wengi pwani, wajibu wa tohara haufiki mpaka baleghe. Wageni wa akika wanaweza kula pilau leo, na mtoto akatahiriwa wiki ijayo, mahali penye ganzi.