Imani Isingoje Mgeni

Mkristo mtumishi wa Serikali anayehamishiwa Mbwara, wilayani Rufiji, huwakuta majirani wengi Waislamu, na waumini wenzake wachache. Je, watoto wake wakae bila mafundisho mpaka padri au mchungaji apite? La, hasha! Maaskofu Wakatoliki wa Afrika ya Mashariki, walipokutana Nairobi mwaka 1976, walisisitiza jumuiya ndogondogo, ambamo majirani husoma Maandiko na kusali pamoja. Mwalimu na karani hawana budi kuzianzisha. Lakini ibara ya 19 ya Katiba ya 1977 yasema dini ni hiari ya mtu. Basi mafundisho hayo yafanyike baada ya kazi, wala cheo kisitumike kumvuta yeyote. Sala ya namna hiyo haivunji ujirani, huuimarisha.