Baiskeli ya kwanza ya mchuuzi: Chagua kwa kazi, si kwa rangi

Neno "boda boda" lilizaliwa mpakani, na lilizaliwa juu ya keria ya baiskeli. Katika miaka ya 1960 na 1970, pale Busia, vijana wenye baiskeli walivusha abiria na mizigo kati ya kituo cha Kenya na kile cha Uganda, wakiita wateja kwa sauti: boda, boda! Leo jina hilo limechukuliwa na pikipiki. Mchuuzi mdogo ambaye angeweza kuvuka na baiskeli yake mwenyewe analipa nauli asubuhi, analipa tena jioni, na gunia lake nalo linalipiwa kama abiria.

Maoni yangu ni kwamba mchuuzi ambaye soko lake liko ndani ya kilomita 10 hivi kutoka nyumbani anapaswa kulifikiria upya suala la baiskeli, hata kama ana miaka 40 na hajawahi kuipanda. Lakini baiskeli ya kwanza ikichaguliwa vibaya inakula mtaji mara mbili. Pesa za kuinunua zinakwenda, kisha inaegemezwa ukutani na mwenyewe anarudi kulipa nauli. Ndiyo maana nasema ichaguliwe kwa mambo matatu, kwa utaratibu huu: mwili wa anayeipanda, njia anayopita, na fundi aliye karibu. Rangi ije mwisho.

Tuanze na hesabu, maana wasomaji wa gazeti hili wanaishi kwa hesabu. Tuseme unalipa shilingi 200 za Kenya kwenda na kurudi, siku 3 za soko kwa wiki. Hizo ni shilingi 600. Baiskeli ya mtumba ya shilingi 10,000 itajilipa kwa wiki 17 hivi. Ongeza pancha, mpira wa breki na cheni, tuseme wiki 22. Weka bei za mpaka wako, kwa shilingi ya Uganda, ya Tanzania au kwa faranga, uone jibu. Likizidi mwaka mzima, baki na pikipiki. Likiwa miezi mitano au sita, kuna jambo la kuzungumza.

Sehemu kubwa ya wafanyabiashara wadogo wanaovuka mipaka yetu ni wanawake, na wengi wao hawakufundishwa kuendesha. Katika nyumba nyingi baiskeli ilikuwa ya baba, na aliyeruhusiwa kuichukua ni mtoto wa kiume, aliyepitisha mguu chini ya bomba la juu kwa sababu hakufikia kiti. Binti alibaki na ndoo kichwani. Leo binti huyo ni mama mwenye meza sokoni, na akitaja baiskeli wapo wa kumwambia kwamba mwanamke mtu mzima hapandi kitu hicho. Mwenye kusema hivyo hamlipii nauli. Tatizo la kweli ni kwamba baiskeli nyingi zinazouzwa hazikutengenezwa kwa ajili ya mwili wake wala nguo zake.

Angalia ile baiskeli nyeusi ndefu ambayo Wakenya huiita Black Mamba, ile ya aina ya Phoenix kutoka China au Hero kutoka India. Sina ubaya nayo. Ni ya chuma kizito, ina keria imara, na spea zake ziko hadi kijijini. Kwa kijana mrefu anayebeba magunia kwenye njia tambarare, bado ni mfalme. Lakini magurudumu yake ya inchi 28 na bomba lake la juu vinamlazimu anayejifunza kurusha mguu juu kabla hajajua kusawazisha. Gia ni moja tu, kwa hiyo kila kilima ni cha kusukuma. Na breki zake za vyuma virefu, zikishika rimu ya chuma iliyolowa mvua, hazikamati vizuri. Mwanafunzi anahitaji breki kuliko mtu mwingine yeyote.

Upande wa pili kuna baiskeli za mtumba za milimani, zenye gia 18 au 21 na shokapu mbele, wakati mwingine na katikati pia. Hizi ndizo zinazovuta macho sokoni. Shokapu za bei ya chini hunywa nguvu yako kila unapokanyaga, huongeza uzito, na zikiharibika fundi wa kando ya njia hana cha kufanya. Yenye shokapu katikati ya fremu haina hata mahali pazuri pa kufunga keria. Kwa mchuuzi, baiskeli isiyobeba mzigo ni mchezo.

Wapo pia waliotazama mashindano ya dunia ya baiskeli yaliyofanyika Kigali Septemba 2025, ya kwanza kufanyika Afrika, wakatamani zile nyepesi zenye matairi membamba. Ni nzuri kwa lami safi na mgongo ulioinama. Si za kokoto na nyanya.

Ningeulizwa nichague moja kwa mtu mzima anayeanza, ningetafuta iliyo katikati. Fremu ya chuma, yenye bomba lililoshuka chini ili mguu upite mbele ya kiti bila kurushwa, na kitenge au gauni visiwe tatizo. Magurudumu ya inchi 26, yenye tairi la upana wa kati, si jembamba la mashindano wala nene lenye meno makubwa. Foku ngumu isiyo na shokapu. Gia sita au saba za nyuma tu, zinazotosha kilima bila kuongeza vitu vya kuharibika mbele. Breki za waya kwenye magurudumu yote mawili. Madigadi, stendi imara, na matundu ya kufungia keria kwa nati kwenye fremu yenyewe. Ekseli zifungwe kwa nati. Zile za kufungua kwa mkono humrahisishia mwizi wa sokoni.

Kwa nini chuma? Kwa sababu chuma kikipasuka, karibu kila kituo cha biashara kina mtu wa kuchomelea. Alumini ni nyepesi, lakini inahitaji mashine na ujuzi ambao mafundi wetu wengi hawana. Kwa nini inchi 26? Kwa sababu inakaa chini zaidi kuliko 28, na tairi na tyubu zake hazina shida kupatikana. Ukiona baiskeli nzuri yenye kipimo usichokizoea, muulize fundi wako kwanza kama tyubu yake anayo dukani leo. Akisema ataagiza, iache.

Njia nayo ina neno lake. Anayefanya kazi kwenye milima ya Katuna na Gatuna, au Kabanga na Kobero, asidanganywe kwamba gia ni anasa. Anayepita Namanga ajiandae kwa miiba ya migunga: tairi lenye mpira mnene, na kipande cha tairi kuukuu ndani yake kulinda tyubu. Kwa watu wa Vanga, Lunga Lunga na Horohoro, adui ni chumvi ya hewa ya bahari. Cheni ifutwe na kupakwa oili mara kwa mara, na chuma kilichobambuka rangi kipakwe upya kabla kutu haijaingia.

Ukienda kununua ya mtumba, nenda mchana na ikiwezekana na fundi wako, umlipe muda wake. Inua gurudumu ulizungushe. Likiyumba kushoto na kulia, spoki au rimu ina kasoro. Shika breki ya mbele usukume usukani mbele na nyuma; ukisikia kugonga, shingo imelegea. Shika mikono ya pedali uitikise upande. Ikicheza, bearing zimekwisha. Pitisha kidole kwenye maungio ya fremu ukitafuta ufa au rangi mpya iliyoficha kiraka. Kisha kaa juu yake. Kwa anayejifunza, nyayo zote mbili zifike chini ukiwa kitini. Ukishazoea, kiti kipandishwe hadi kisigino kinapokuwa kwenye pedali ya chini mguu unyooke kabisa. Kiti kikibaki chini daima, magoti yatalalamika.

Kuhusu kujifunza, Goma imetupa mwalimu mzuri: chukudu, ule mkokoteni wa mbao wa magurudumu mawili unaobeba mizigo mizito ilhali hauna pedali. Mwendeshaji husukuma kwa mguu na kuachia mteremko ufanye kazi. Mtu mzima naye ajifunze hivyo. Fungua pedali zote mbili, shusha kiti, tafuta uwanja wenye mteremko mdogo, sukuma kwa miguu kisha inua nyayo kidogo kidogo. Mwili ukishajua kusawazisha na mkono ukishajua breki, rudisha pedali. Hakuna haja ya mtu wa kukushika kiti nyuma huku mtaa mzima ukicheka.

Usibebe mzigo siku unayoanza. Endesha tupu wiki kadhaa, kisha kilo 10, kisha 20. Mzigo ukae chini na ugawanyike pande zote mbili za keria, ufungwe kwa mipira ya tyubu hata usicheze kabisa. Gunia lililosimama juu huvuta baiskeli upande kwenye kona. Na kumbuka kwamba baiskeli yenye mzigo huchelewa kusimama: bana breki zote mbili taratibu na mapema, hasa kwenye mteremko na wakati wa mvua.

Anayevuka mpaka ana somo la ziada. Kenya, Uganda na Tanzania tunapita kushoto; Rwanda, Burundi na DRC wanapita kulia. Ukivuka Rusumo, Gatuna, Kobero au Mpondwe, upande wa barabara unabadilika, na mazoea ya mwili hayabadiliki kwa dakika moja. Shuka, sukuma kwa miguu hadi upite eneo la malori, tazama magari yanakoelekea, ndipo upande. Lori linaporudi nyuma kwenye foleni ya mpakani dereva hakuoni. Hilo ndilo hoja nzito zaidi ya wanaosema baiskeli ni hatari, na wana haki. Jibu lake ni kutembea mita hizo 200, pamoja na helmeti, rifleta na taa kwa anayerudi giza likiingia.

Tunza pia risiti yenye namba ya fremu, ambayo mara nyingi imechongwa chini pale mikono ya pedali inapokutana. Cheti rahisi cha uasili cha Jumuiya ya Afrika Mashariki, kwa shehena isiyozidi dola 2,000, kinahusu bidhaa unazouza. Hakisemi lolote kuhusu chombo ulichopanda. Risiti itakusaidia kuonyesha kwamba baiskeli ni yako na si bidhaa unayoingiza, na siku ikiibiwa utakuwa na kitu cha kuwapa polisi.

Kwa vyama vya akina mama, nina pendekezo moja. Mkiamua kununua kwa mzunguko, nunueni za aina moja. Tyubu moja ya akiba itamfaa kila mwanachama, fundi mmoja atazijua zote, na aliyekwisha kujifunza atamfundisha mwenzake kwenye baiskeli ileile.

Serikali zetu nazo zina sehemu yao. Umoja wa Forodha ulianza 2005 na Soko la Pamoja 2010. Busia ilizinduliwa rasmi kama kituo cha pamoja cha mpakani mwaka 2018, na vituo vya aina hiyo vimejengwa kwenye mipaka mingine ili lori na abiria wasikae muda mrefu. Ni kazi nzuri, lakini mwenye baiskeli na gunia la vitunguu si lori, wala si abiria wa basi. Kila kituo kimpe njia yake isiyochanganyika na malori, nguzo ya kufungia baiskeli mbele ya dirisha la uhamiaji, na ubao mkubwa unaomwonya pale upande wa barabara unapobadilika. Gharama yake ni rangi, nguzo na saruji kidogo. Wahandisi wanaopanga ukarabati ujao wa vituo hivyo waanze kwa kuuliza ni baiskeli ngapi hupita hapo siku ya soko.