Mwamvuli Wenye Injini

Askari aliyepata kuruka kwa mwamvuli kutoka katika ndege ajua kuwa kazi ya mwamvuli ni kumshusha mtu salama. Mwaka 1981, huko Marekani, Steve Snyder aliurusha mwamvuli wa namna nyingine, wenye kumpandisha mtu. Chini yake huning'inia kigari cha magurudumu, na nyuma ya kiti hufungwa injini na pangaboi. Rubani akiongeza mafuta chombo hupanda, akipunguza hushuka, na akisukuma nondo kwa mguu hugeuka kulia au kushoto.

Wepesi huo huwadanganya wengi. Chombo hiki kina mwendo mmoja tu, aghalabu baina ya kilometa 40 na 55 kwa saa, wala kuongeza mafuta hakuuzidishi. Upepo wa mbele ukilingana na mwendo huo, chombo husimama angani kama mwewe. Ukizidi, humrudisha rubani kinyumenyume, pengine hata kwenye nyaya za umeme. Kwa hiyo mwanafunzi asiruke upepo uzidipo kilometa 16 kwa saa. Saa zifaazo ni za asubuhi mapema, na jioni kabla ya jua kutua. Adhuhuri ardhi imekwisha pata moto, na hewa hupanda kwa vishindo. Nyuma ya vilima, majengo na miti mirefu nako upepo huvurugika.

Kabla ya kuwasha injini, mwamvuli hutandazwa nyuma ya kigari na kamba zote hukaguliwa, lisisalie fundo wala kijiti, wala kamba iliyopita juu ya kitambaa. Kigari kianzapo kukimbia, kitambaa huinuka na kujaa hewa. Hapo rubani hana budi kugeuza shingo na kuutazama mwamvuli kabla ya kuongeza mafuta yote. Ukiwa umelalia upande, au vyumba vyake havijajaa, azime injini papo hapo, hata kama kijiji kizima kimekuja kumtazama.

Watazamaji nao wakae mbali na pangaboi, na watoto washikwe mikono. Anayepanda asivae kofia isiyofungwa wala kanga iliyolegea, kwa kuwa kila kitokacho kitini hupeperushwa nyuma, ndiko liliko pangaboi.

Injini ikizimika angani, mwamvuli huendelea kushuka taratibu, lakini mahali pa kutua ni lazima pawe karibu. Rubani mwangalifu hapiti juu ya msitu, mji au ziwa ikiwa hawezi kuufikia uwanja ulio wazi. Maji ndiyo mabaya zaidi, kwani kitambaa na kamba humfunika mtu aliyefungwa mikanda.

Magurudumu yakisha kugusa ardhi, injini huzimwa upesi, kusudi kamba zinapoanguka zisinaswe na pangaboi. Kisha kitambaa hukunjwa kikiwa kikavu na kuwekwa kivulini, maana jua huila nailoni kidogo kidogo, bila mwenyewe kujua.