Mwenyekiti Asiye na Msaidizi



Kila unapofika wakati wa uchaguzi wa viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo, sisi mafrateri tunaotumwa kwenye parokia za Nyamagana tunaona jambo lile lile. Mahudhurio yanapungua. Watu ambao hawakosi rozari, ghafla wana safari ya Magu, wana mgeni, wana mtoto anaumwa. Waliofika wanaangalia chini. Mwishowe anarudishwa yule yule mama aliyeongoza kipindi kilichopita, watu wanapiga makofi kwa nguvu, na kila mmoja anakwenda nyumbani amepona.

Tumezoea kusema kwamba waamini hawana moyo wa kujitolea. Hatukubaliani na kauli hiyo. Watu hao hao hulala msibani, huchota maji, hupika, hubeba jeneza kwenye njia za mawe za milimani kwetu bila kuombwa mara mbili. Wanachokikimbia ni daftari. Tutazame kazi tunayompa mwenyekiti: kufuatilia zaka, mchango wa ujenzi, mchango wa sherehe, kisha kusimama mbele ya halmashauri kueleza kwa nini jumuiya yake iko nyuma. Nani alimfundisha kuongoza tafakari ya Injili, au kupatanisha majirani waliogombana? Tulimpa semina ya siku moja ukumbini, na nusu ya siku hiyo ilikwisha akimsubiri mtoa mada. (Wakati mwingine mtoa mada huyo ni mmoja wetu.)

Maaskofu wa AMECEA waliokutana Nairobi mwaka 1976 walisisitiza ujenzi wa jumuiya hizi kuwa kipaumbele cha uchungaji. Hawakuwa wanatafuta njia ya kukusanyia michango.

Tunayo historia iliyo karibu zaidi, nayo inapita kwetu. Novemba 1882 Wamisionari wa Afrika waliondoka kwa Kabaka Mutesa, wakavuka ziwa kuja upande huu wa kusini, na mwaka uliofuata wakaanzisha misheni ya Bukumbi. Hawakurudi Buganda hadi 1885. Nyuma yao waliwaacha Wakristo wachanga kabisa. Yosefu Mukasa Balikudembe na Andrea Kagwa walikuwa wamebatizwa tarehe 30 Aprili mwaka ule ule wa 1882. Matias Kalemba alibatizwa mwezi uliofuata. Hapakuwa na padre wala Misa. Lakini walifundisha, walisali pamoja, na mapadre waliporudi walilikuta kundi limekua.

Jambo linalotugusa zaidi ni lile lililofuata. Karoli Lwanga alipoingia kazini ikulu mwaka 1884 aliwekwa kuwa msaidizi wa Yosefu Mukasa katika kuwasimamia vijana watumishi. Alimwona akifanya kazi, naye akaifanya kando yake. Tarehe 15 Novemba 1885 Yosefu aliuawa. Usiku huo Lwanga akabatizwa, akachukua uongozi wa vijana wale. Haikuhitajika kampeni ya kumtafuta mrithi, maana mrithi alikuwa amesimama pale pale mwaka mzima.

Je, katika jumuiya zetu nani amesimama pale? Mama mmoja mwenyekiti, muuza dagaa, alituambia: "Frateri mwanangu, nikifa leo hakuna anayejua kulisoma hili daftari." Baadaye aliugua, si sana, na jumuiya yake haikusali wiki sita. Hakuna aliyekataa kuongoza. Hakuna aliyewahi kuongoza.

Mapadre watatuambia kwamba paroko ni mmoja na jumuiya ni nyingi, hawezi kumlea kila kiongozi. Ni kweli, na ndiyo maana malezi haya hayawezi kuwa kazi ya paroko peke yake. Kila mwenyekiti awe na mtu wa kutembea naye kwa wagonjwa, wa kumwachia Injili wiki moja kati ya nne, wa kumwonyesha daftari na pia wa kumwonyesha namna ya kunyamaza watu wakigombana. Paroko naye, au sisi tunaomsaidia, tumtembelee kiongozi walau mara moja bila kuuliza habari za fedha. Tunakiri kwamba hili ni gumu kwetu. Tukifika jumuiyani tunapewa kiti cha mbele na tunaongoza kila kitu kuanzia ishara ya msalaba, halafu tunashangaa kwamba wenyeji wamekaa kimya.

Yule mama amepona. Amemchukua kijana mmoja wa bodaboda, mgeni mtaani, asiyeongea sana. Jumamosi iliyopita kijana ndiye aliyeongoza, nasi tuliketi nyuma, kwenye mkeka. Alikosea mpangilio wa maombi, akasahau wimbo wa katikati. Mama hakumrekebisha mbele ya watu. Alimsubiri nje, karibu na pikipiki, wakazungumza wawili hadi giza likaingia.