Nafaka Iliyoloa na Kompyuta ya Mwanafunzi



Ndugu msomaji, kila vyuo vinapokaribia kufunguliwa, wazazi wa Masieda na vijiji vya jirani hutuletea swali moja. Kijana ameambiwa chuoni kwamba atahitaji kompyuta. Je, ile ndogo iliyokwishatumika, inayouzwa kwa bei nafuu, itamfaa? Fedha yenyewe aghalabu imetokana na mbuzi aliyepelekwa mnadani au gunia la maharage, na anayenunua hajapata kumiliki chombo cha namna hiyo. Kwa sababu hiyo, juma hili tumeona tuzungumzie kompyuta mpakato ndogo: jinsi ya kuinunua, jinsi ya kuitunza, na haki ambayo sharia imempa aliyeuziwa yenye kasoro.

Kompyuta hizi hazina historia ndefu. Mwaka 2007 kampuni ya Asus ya Taiwan ilitoa Eee PC, kompyuta yenye kioo cha inchi 7 iliyoweza kubebwa kama kitabu, na kampuni nyingine zikafuata. Wimbi hilo lilipopungua, zikaja za inchi 11 zilizotengenezwa kwa ajili ya wanafunzi, nazo zilinunuliwa kwa wingi na shule za Marekani na Ulaya. Shule hizo zinapobadilisha vifaa, vya zamani huuzwa kwa jumla, na baadhi yake hufika Dar es Salaam na Arusha, kisha mikononi mwa wachuuzi wa huku kwetu.

Si vyombo vya kudharauliwa. Ni vyepesi, havili umeme mwingi, na vinatosha kwa kuandika kazi za masomo. Mwanafunzi wa dini anaweza kuweka Al-Maktaba ash-Shamila, yenye maelfu ya vitabu vya Kiarabu, akasoma bila intaneti. Mwenzake anaweza kuweka Wikipedia kwa kutumia programu ya Kiwix, akaisoma mahali ambapo mtandao haushiki. Udogo wa chombo si aibu. Kinachotuhuzunisha ni kasoro zinazofichwa ndani yake siku ya mauzo.

Imepokewa katika Sahihi Muslim kwamba Mtume (s.a.w.) alipita penye fungu la nafaka sokoni, akaingiza mkono wake ndani, vidole vyake vikakuta unyevu. Alipomuuliza mwenye nafaka, akaelezwa kwamba imenyeshewa. Akamuuliza kwa nini hakuiweka juu ili watu waione, kisha akabainisha kwamba mwenye kughushi hayumo pamoja naye. Tuzingatie jambo moja katika habari hii. Mvua haikuwa kosa la mfanyabiashara yule. Kosa lake lilikuwa kuiweka chini nafaka iliyoloa na kuifunika kwa iliyo kavu.

Katika kamati yetu ya msikiti tumepata kusuluhisha shauri la namna hiyo. Mama mmoja aliuza mbuzi wawili, akamnunulia binti yake kompyuta ya aina ya Chromebook. Mbele ya muuzaji iliwaka vizuri, ikafungua kurasa, bei ikalipwa. Binti alipofika chuoni aligundua kwamba inafunguka kwa mlango wa mgeni peke yake. Kila alipotaka kuingia kwa anwani yake, ilimkatalia na kumwambia kwamba chombo kinasimamiwa na shule fulani ya ng'ambo. Na ilivyo, anayeingia kwa mlango wa mgeni hahifadhiwi kitu: akishatoka, kila alichokiandika hufutika. Kazi yake ya kwanza ya darasani ilipotea usiku mmoja kabla ya siku ya kuikabidhi.

Muuzaji alijitetea kwa kusema, "Mama, nilikuambia uikague, ukaiona inawaka. Na nilisema nauza kama ilivyo." Mama akamjibu kwa upole, "Mwanangu, mimi sikununua taa. Nilinunua chombo cha kusomea."

Fiqhi haikuliacha jambo hili bila hukumu. Mnunuzi akikuta katika bidhaa aibu iliyokuwapo kabla hajaipokea, nayo ni ya kupunguza thamani yake au kuharibu kusudio la kununuliwa kwake, ana hiari ya kuirudisha na kurudishiwa fedha yake yote. Haki hiyo ipo hata kama muuzaji mwenyewe hakuijua aibu ile. Akiwa aliijua akanyamaza, juu ya hayo amebeba dhambi. Ama kauli ya "nauza kama ilivyo", wanazuoni wamehitilafiana. Katika madhehebu ya Imam Shafi, ambayo wengi wetu tunayafuata, kauli iliyo na nguvu ni kwamba sharti hilo humwondolea muuzaji dhima ya aibu ya ndani ya mnyama ambayo hakuijua, wala haliendi kwenye bidhaa nyinginezo. Mbuzi anaweza kuwa na maradhi yasiyoonekana na yeyote. Kompyuta iliyofungwa na wenyewe inaweza kujaribiwa na kujulikana.

Lakini mnunuzi naye ana wajibu wake. Katika madhehebu hayo hayo, anayeigundua aibu hutakiwa kuirudisha bidhaa bila kuchelewa. Akiendelea kuitumia kwa ridhaa baada ya kujua, ameidhoofisha au kuipoteza haki yake. Binti yule alitenda vyema: aliizima siku ile ile, akampigia mama yake simu, na kompyuta ikarudi kwa basi la kwanza. Muuzaji, Allah amjaze kheri, alikubali hukumu, akalipa fedha yote kwa mafungu mawili.

Kuzuia ni bora kuliko kusuluhisha. Kwa hiyo, kabla ya kutoa fedha, mzazi na atie mkono ndani ya fungu, na mahali pa kuutia ni hapa.

Kwanza, kufuli la mwenyewe wa zamani. Mwambie muuzaji aifute kompyuta na kuianzisha upya mbele yako, ikiwa imeunganishwa na intaneti ya simu. Ikidai anwani ya shule au neno la siri ambalo yeye halijui, iache. Huenda haikutolewa na mwenyewe kwa njia ya halali, na sisi hatutaki elimu ianze kwa mali yenye shaka.

Pili, betri. Kwenye kompyuta ya Windows, fungua sehemu ya amri (cmd), andika powercfg /batteryreport, kisha fungua ripoti itakayotengenezwa. Humo utaona ujazo wa betri ilipokuwa mpya na ujazo ilio nao sasa. Ikiwa imebaki chini ya nusu, bei nayo ishuke.

Tatu, hifadhi. Nyingi za kompyuta hizi zina gigabaiti 32 tu, tena hifadhi imechomelewa kwenye bodi na haibadilishwi. Windows yenyewe huchukua sehemu kubwa ya nafasi hiyo, na masasisho hushindwa kuingia. Mzazi akiweza, achague yenye gigabaiti 64 au zaidi na kumbukumbu ya kufanyia kazi isiyopungua gigabaiti 4.

Nne, umri wa programu. Microsoft iliacha kutoa huduma ya kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haikubaliki rasmi kwenye kompyuta nyingi za zamani. Chromebook nazo zina tarehe ya mwisho ya kupokea masasisho, na haziendeshi programu za kawaida za Windows. Mwanafunzi aulize chuo chake kinadai programu gani kabla hajanunua. Kompyuta ya zamani iliyo nzima inaweza kuwekwa Linux, ambayo ni bure na nyepesi.

Tano, vitu vya nje: bonyeza kila herufi ya kibodi, fungua na kufunga kioo mara kadhaa, tikisa kidogo waya wa chaja uone kama umeme unakatika. Siku chaja itakapokufa, volti za mpya zilingane na za ile ya zamani, na ampea zisipungue.

Baada ya kununua kuna kutunza. Kompyuta ikikataa kuwaka, mwanafunzi asikimbilie kwa fundi. Achomoe chaja, abonyeze kitufe cha kuwashia kwa muda wa nusu dakika, kisha aichomeke na kujaribu tena; mara nyingi hilo hutosha. Ikiwa nzito, aangalie kwanza kama hifadhi imejaa picha na video. Asiiweke juu ya godoro inapofanya kazi, kwa kuwa inakosa hewa, na wakati wa kiangazi aifunike kwa kitambaa, maana vumbi letu linajulikana. Na kila kazi ya chuo iwe na nakala mbili nje ya kompyuta: moja kwenye flashi, nyingine kwenye barua pepe yake. Flashi iliyopita kwenye mashine nyingi za watu ikaguliwe virusi kabla ya kufunguliwa.

Kwa mafundi tunalo neno moja. Anayekupa kompyuta yake amekupa na siri yake. Kufungua picha za binti wa watu kwa kisingizio cha kujaribu mashine ni kuivunja amana, hata kama hakuna atakayejua. Mwanafunzi naye anakili faili zake na kutoka kwenye anwani zake kabla ya kuikabidhi.

Limebaki suala la umeme. Vijana wanaorudi likizo wameomba kuchajia kompyuta msikitini, na baadhi ya wazee wakapinga, kwa kuwa sola ya msikiti ilitolewa kwa ajili ya taa na adhana. Hoja ya wazee ni ya kweli: sharti la aliyeweka wakfu hufuatwa. Hoja ya vijana nayo ina uzito. Betri moja ya volti 12 na ampea-saa 100 hubeba wati-saa 1,200, na betri ya risasi haifai kutolewa zaidi ya nusu yake, yaani 600. Kompyuta ndogo tano, zenye betri ya wati-saa 40 kila moja, zinachukua 200, bila kuhesabu kinachopotea njiani. Hiyo ni theluthi ya akiba ya usiku, na adhana ya alfajiri inaweza kukosa sauti. Kamati iliamua kwamba wenye kutaka wachangie paneli na betri ya pekee kwa nia ya elimu, na kwamba uchajiaji ufanyike jua likiwa juu, ukome Alasiri. Hivyo wakfu wa kwanza umebaki na sharti lake, na wa pili umepata sharti lake tangu siku ya kwanza.

Tunawaomba wanaouza kompyuta hizi, hasa ndugu zetu Waislamu: andikeni kasoro kwenye karatasi, muibandike juu ya chombo. Bei itapungua kidogo, na baraka itabaki. Nanyi wazazi, msione haya kuja na chombo msikitini baada ya Ijumaa kabla hamjalipa. Wapo vijana watakaokikagua bila malipo. Mbuzi wawili wa mama mjane au mkulima ni mali nyingi, na mwaka wa chuo wa binti yake haununuliwi mnadani.

Wabillahi tawfiq.