Kiweko cha Hodhi la Samaki: Hisabu Itangulie Moto

Miongoni mwa mapambo yanayoweza kuitukuza sebule ya mtu, sijui lipitalo hodhi kubwa la kioo lenye samaki hai, maana humpa mwenye nyumba na wageni wake fursa ya kuwatazama, pasipo kutoka ndani, viumbe wa Ziwa Tanganyika na Ziwa Nyasa ambao wapenzi wa samaki wa Ulaya na Marekani huwatafuta kwa gharama kubwa kutoka maji yetu haya haya. Walakini katika kulipata pambo hilo imezoeleka desturi isiyo salama: fedha na fikira zote huishia kwenye samaki, taa na kioo, na kile kitakachovibeba vyote huachwa kuwa jambo la mwisho, kikaagizwa kwa pupa, kwa picha iliyoonyeshwa kwenye simu, mteja asitaje uzito wala fundi asiuulize. Rai yangu ni kwamba kiweko cha chuma cha hodhi kama hilo chafaa kabisa kutengenezwa na mafundi wetu wa mitaani, nacho kitadumu kuliko kabati nyingi zitokazo ng'ambo, ila kwa sharti moja tu: hisabu ya uzito itangulie moto wa kuchomelea.

Na tuifanye hisabu hiyo hapa, kwa kuwa haihitaji elimu zaidi ya ile ya shule ya msingi. Hodhi lenye urefu wa sentimita 180, upana wa sentimita 60 na kimo cha sentimita 60 lina nafasi ya lita 648; na madhali lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, hata ukiacha vidole viwili vya nafasi juu, maji peke yake hayapungui kilo 600. Kioo cha milimita 12 cha hodhi hilo hukaribia kilo 120. Mchanga wa kina cha sentimita 5 hukaribia kilo 80. Na ikiwa samaki wenyewe ni mbuna wa Ziwa Nyasa, ambao makao yao ni miambani na hawatulii pasipo mapango ya kujificha, basi mawe nayo yataongeza makumi ya kilo. Ukishatoa maji yaliyopishwa na mchanga na mawe, jumla haiwi mbali na kilo 850, yaani uzito wa watu wazima 12 waliosongamana mahali pamoja, usiku na mchana, mwaka baada ya mwaka.

Wengi wakiusikia uzito huo hukimbilia kuagiza chuma kinene, wakidhani kwamba unene ndio nguvu. Ukweli ni kuwa mguu mfupi wa bomba la mraba la milimita 50 kwa 50, lenye ukuta wa milimita 3, ukisimama wima huhimili tani kadhaa bila taabu. Udhaifu umo katika boriti zilizolala. Tuchukue boriti mbili ndefu za kiweko chetu, kila moja ikibeba nusu ya mzigo na kuegemea miguu ya mwisho tu: bomba hilo hilo litabonyea katikati kwa kiasi cha milimita 7. Halitavunjika, na mtu apitaye hataona kitu. Lakini kioo, ambacho hakina tabia ya kupinda, kitakosa mhimili pale pale kinapouhitaji, na maungio yake ya silikoni yatavutwa kwa nguvu ambayo hayakuwekewa. Sasa ongeza mguu mmoja katikati ya kila boriti, na mbonyeo huo utashuka chini ya nusu milimita, kwa sababu boriti yenye mzigo uliotandazwa ikigawanywa urefu wake kwa mbili, kuinama kwake hugawanyika kwa 16. Miguu miwili ya ziada, ambayo gharama yake ni ndogo mno, imetenda kazi ambayo chuma cha unene maradufu kisingeweza kuitenda.

Hatari ya pili ni kuyumba. Fremu ya pembe nne, hata ikichomelewa vizuri, huelekea kulala upande inaposukumwa, na hodhi la sebuleni halikosi watoto wa kulikimbilia wala wageni wa kuliegemea; na maji yakishaanza kwenda mbele na nyuma ndani ya kioo, huusukuma mzigo wote upande mmoja kisha upande wa pili. Dawa yake ni chuma cha mshazari kilichochomelewa nyuma na mbavuni, kikakata kila pembe nne kuwa pembe tatu mbili, kwani pembe tatu haiwezi kubadili umbo lake illa mojawapo ya pande zake irefuke au ifupike. Fundi atakayesema kwamba mshazari unaharibu sura ya kazi na aambiwe auweke nyuma, ukutani, usikoonekana, asikubaliwe kuuacha.

Katika uundaji wenyewe yako mambo ambayo mteja ana haki ya kuyasimamia kwa macho yake. Boriti ya juu na ikalie kichwa cha mguu, uzito ushuke chuma juu ya chuma hadi sakafuni, badala ya kubandikwa ubavuni mwa mguu na kuachiwa mshono wa moto ubebe kila kitu. Kabla ya kuchomelea moja kwa moja, fremu ishikizwe kwanza kwa nukta ndogo za moto, ipimwe kutoka pembe hadi pembe ya mkabala wake, na vipimo viwili hivyo visipolingana irekebishwe papo hapo. Kisha mishono ikamilishwe kwa zamu, huku na huku, maana chuma kinachopata joto la upande mmoja hujivuta na kupotoka. Kazi ikishapoa, pimamaji iwekwe juu kwa urefu, kwa upana na kwa mshazari, kwa kuwa mguu mmoja ukiwa mfupi kuliko wenziwe hulipotosha hodhi zima, na kioo kilichopotoshwa hupasuka kwa wakati kinaoutaka chenyewe. Chini ya kila mguu kiwekwe kibamba cha chuma ili vigae visitoboke, na juu ya fremu ilazwe plaiwudi nzito iliyopakwa rangi, isiyo na hata chembe ya mchanga.

Kwa sisi tukaao pwani, kutu ni adui asiyelala, kwani hewa yetu ina chumvi hata kabla hatujamwaga tone la maji. Ncha zote za mabomba zizibwe, mafuta yafutwe, kutu ipigwe msasa, rangi ya kuzuia kutu itangulie ile ya mapambo, nayo ifike chini ya kila boriti na ndani ya kila kona. Anayechagua mabomba yaliyopakwa zinki amechagua vyema kwa upande wa kutu, lakini ajue kwamba zinki ikiungua hutoa moshi unaomletea fundi homa. Basi ikwanguliwe pale panapochomelewa, kazi ifanywe mahali penye upepo, na sehemu zilizokwanguliwa zipakwe upya. Afya ya fundi ni sehemu ya bei ya kiweko, na mteja mwenye insafu haombi punguzo katika hilo.

Watakuwapo wasemao kwamba kabati la dukani ni zuri zaidi na lina milango. Uzuri wake siukatai; lakini makabati mengi ya namna hiyo ni unga wa mbao ulioshindiliwa kwa gundi, na unga huo ukinywa maji huvimba na kumeguka, nasi sote twajua kwamba penye hodhi maji humwagika kila siku ya usafi. Kiweko cha chuma nacho chaweza kuvikwa mbao na kutiwa milango ya mninga ipendezayo, mbao zikabaki vazi na chuma kikabaki uti wa mgongo.

Akaaye ghorofani ana hisabu ya ziada. Sakafu za nyumba za kuishi aghalabu husanifiwa kwa mzigo wa kilo 150 hadi 200 kwa kila mita mraba, hali hodhi letu linaweka zaidi ya kilo 780 juu ya mita mraba moja ya eneo lake. Haina maana kwamba sakafu itaporomoka, kwa kuwa boriti na kuta za jirani hugawana mzigo. Maana yake ni kwamba mahali pa kuliweka paamuliwe na mhandisi aliyeziona ramani za jengo, na ushauri wake utafutwe kabla ya fundi kukata bomba la kwanza.

Mafundi wetu, wawe wa Gerezani, Dar es Salaam, au wa Kamukunji, Nairobi, hawapungukiwi na mikono ya kazi hii. Kinachopungua ni mazungumzo. Mteja aje na vipimo vya hodhi na jumla ya kilo, akiwa ameziandika; fundi asiyeletewa kilo aziulize, na asiwashe moto mpaka ajibiwe; na vyuo vya ufundi stadi vimfundishe kila mwanafunzi wa uchomeleaji kukadiria mbonyeo wa boriti kwa bidii ile ile vinayomfundisha kunyoosha mshono. Hayo yakiwa desturi, faida yake haitaishia kwenye samaki: fundi aliyezoea kuuliza uzito wa hodhi atauliza uzito wa tangi la maji la juu ya paa, wa ngazi na wa roshani, na vyote hivyo vina watu chini yake.