Nani Astahili? Neno Juu ya Urithi wa Midoriya

Mashabiki wa hadithi za picha za Kijapani, ziitwazo manga, wana ugomvi wao wa miaka mingi ambao baadhi ya walimu wenzetu huudharau, wakiudhania mchezo wa watoto. Sisi hatuudharau. Twauona kuwa ugomvi wa maana, ila unagombwa kwa neno lisilo lake.

Kisa chenyewe ni Boku no Hero Academia cha Kohei Horikoshi, kilichotoka kwa mfululizo katika jarida la Weekly Shonen Jump la Tokyo tangu mwaka 2014 hadi 2024. Katika dunia ya kisa hicho, watu wanane katika kila kumi wana uwezo wa ajabu. All Might, shujaa mkuu, ana nguvu ambayo watu wameipokezana mmoja baada ya mwingine, naye ni wa nane. Akiwa amejeruhiwa vibaya, anamkabidhi kijana Izuku Midoriya, asiye na uwezo wowote. Baadaye twaonyeshwa kwamba alikuwako mwingine: Mirio Togata, mkubwa kwa umri, hodari, mcheshi, aliyefunzwa na Sir Nighteye, msaidizi wa zamani wa All Might, kwa nia hasa ya kumfanya mrithi. Hapo ndipo mashabiki walipogawanyika. Kundi moja lashikilia kuwa Togata ndiye aliyestahili, na Midoriya alibahatika tu.

Tuipe hoja yao haki yake. Midoriya alipoanza kuitumia nguvu ile alikuwa akijivunja mifupa. Togata, kwa upande wake, alikuwa na uwezo mgumu wa kupenya katika vitu, ambao kwa kila hali ulikuwa mzigo, naye kwa mazoezi akaugeuza silaha. Nani ampaye mwanagenzi usukani wa jahazi, na nahodha yupo?

Lakini kustahili ni neno la tuzo. Tuzo huwa na mashindano, na mashindano huwa na alama. Ndugu zetu hao wanasema urithi, kisha wanahesabu alama kama wasimamizi wa mtihani. Wala si mirathi ya damu, kama ule ugomvi wa Fumo Liyongo na Daudi Mringwari ambao sisi wa Kiswahili twaujua. Nguvu ya All Might haiwezi kunyang'anywa. Huhama kwa hiari ya mwenye kuishika, naye aipokeaye hujua kuwa itampasa kuikabidhi mbele. Kiswahili kina jina la kitu cha namna hiyo, nalo ni amana. Mwenye kuweka amana haulizi nani mwenye misuli. Anauliza nani atakayeitunza. All Might alimwona Midoriya akikimbia kumwokoa mwenzake aliyekuwa akimdhulumu, hali hana hata fimbo. Hata hivyo hakumpa siku ile. Alimtaka kwanza aondoe takataka za pwani nzima kwa miezi kumi.

Tena liko jambo ambalo watetezi wa Togata hulipita kwa haraka. Yafunuliwa baadaye kwamba mshikaji wa nne, Shinomori, alikufa akiwa na umri wa miaka arobaini, kwa kuwa nguvu ile huulemea mwili uliokwisha kuwa na uwezo wake. Tuzo wanayomtakia Togata ingemfupishia maisha. Watajibu kuwa All Might hakulijua hilo alipochagua. Kweli hakulijua, nasi hatumsifu kwa elimu ya ghaibu. Twasema tu kwamba kanuni ya mwenye nguvu mpishe, wanayoitaka wao, ingeleta msiba.

Lawama nyingine ni ya wafasiri. Neno la Kijapani kwa uwezo huo ni kosei, yaani ile hali ya mtu kuwa yeye na si mwingine. Waingereza wameliita kwa neno lenye maana ya kioja. Wafaransa kwa neno la Kilatini lenye maana ya mwingine. Vijana wetu hukisoma kisa kwa lugha hizo mbili, basi si ajabu wakiuona uwezo kuwa pambo la kuvikwa aliye mrembo zaidi. Kumbe aliyekosa kosei amenyimwa zaidi ya pambo! Mwalimu akitaka somo la tafsiri, hili hapa.

Na Togata mwenyewe? Aliupoteza uwezo wake akimkinga mtoto Eri, akaendelea kupigana mikono mitupu. Midoriya, moyo ukimuuma, alimwuliza kama angeupokea uwezo wake iwapo ingewezekana kumpa. Alikataa, akisema kwamba hapo atakayeumia ni Midoriya. Wanaomdai urithi huo hadi leo wanamdai kwa niaba ya mtu asiyewatuma.